Kumsafirisha Mbwa kwa Ndege Kutoka Dar: Shirika Lipi kwa Mbwa Yupi

Tuanze na hukumu, maana wengi wanaotafuta habari hizi tayari wana tarehe ya kuhama. Kwa mbwa mdogo anayekwenda Ulaya, KLM na Turkish Airlines ndizo za kuulizwa kwanza, kwa kuwa zote mbili zinamruhusu akae kabini miguuni pa mwenyewe. Kwa mbwa mkubwa anayekwenda huko huko, KLM tena, safari hii chini kwenye sehemu ya mizigo. Emirates na Qatar Airways tunazipendekeza kwa mbwa wa kago, hasa anayekwenda Ghuba yenyewe. Na mbwa mwenye pua fupi, yaani pug, bulldog, pekingese na wenzao, asiingizwe sehemu ya mizigo na shirika lolote, hata likikubali kumpokea.

Kabla ya kulinganisha mashirika, jua mbwa anapanda ndege kwa njia ipi kati ya tatu. Akikaa kabini, kwenye nafasi yako huandikwa PETC. Akienda chini kama mzigo wa abiria, huandikwa AVIH: mnasafiri ndege moja, unamkabidhi kaunta na kumpokea mnakofika. Akienda kwa kago, ana hati yake mwenyewe ya shehena, anapelekwa ghalani, na anaweza kusafiri hata kama wewe umebaki Mbezi Beach. Wa AVIH na wa kago wote husafiri chini ya sakafu ya abiria, kwenye chumba chenye mgandamizo wa hewa kama wa kabini na kinachopashwa joto. Kinachotofautiana ni makaratasi, bei na muda wa kusubiri.

Wakala wa tiketi akikwambia "mbwa nimeshamweka", usiridhike na maneno. Mwombe akuonyeshe nafasi yenyewe. PETC au AVIH ikifuatwa na NN, hilo ni ombi lililotumwa tu. HK ndiyo nafasi iliyothibitishwa. Kila ndege ina kikomo cha wanyama, na watu hufika kaunta ya Terminal 3 na begi la mbwa begani, NN yao haikujibiwa kamwe, wakarudishwa. Shika nafasi, subiri HK, halafu ndipo ulipie tiketi isiyorudishwa pesa.

KLM inapokea mbwa kabini kama uzito wake pamoja na begi hauzidi kilo 8, na begi lisizidi sentimita 46 kwa 28 kwa 24. Hiyo 24 ya kimo ndiyo inayowakata wengi. Chihuahua na Maltese wanaingia vizuri. Mbwa wa kienyeji aliyekomaa haingii hata akiwa mwembamba. Daraja la biashara kwenye safari ndefu halipokei mnyama kabini, kwa hiyo mwenye tiketi ya huko akubali kurudi nyuma. Sehemu ya mizigo inachukua hadi kilo 75 pamoja na kreti, yaani sanduku la kumsafirishia, kiasi kinachomtosha hata Boerboel wa kawaida. Uzuri mkubwa kwa mtu wa Dar ni kwamba hadi Amsterdam mbwa habadilishi ndege. Kila mara kreti inaposhushwa na kupakiwa upya ndipo mambo huharibika: inaachwa juani, inageuzwa, inakosa ndege ya pili.

Turkish nayo ina kilo 8 za kabini, begi likiwemo, na mtandao wake kutoka Istanbul ni mpana. Udhaifu wake kwa mbwa wa chini ni huko kubadili ndege. Uturuki pia ina orodha ya mbwa iliyowapiga marufuku, wakiwemo Pit Bull, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, kwa hiyo mwenye mbwa wa damu hiyo asiiguse njia ya Istanbul.

Emirates na Qatar Airways hazimruhusu mbwa wa kawaida kabini, awe na kilo mbili au ishirini. Anayeruhusiwa ni mbwa wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu. Kwa Dubai hali ni ngumu zaidi: mbwa anayeishia huko lazima aingie kama kago, akiwa na kibali cha kuingizwa kutoka wizara ya Falme za Kiarabu. Pamoja na hayo, ni mashirika yenye ndege kubwa na uzoefu wa kubeba wanyama, na tunayaamini kwa kazi hiyo. Kiangazi cha huko tu ndicho kikwepwe: kuanzia Juni hadi Septemba Doha na Dubai hupita nyuzi 40, na mbwa wa kupitia anaweza kukutana na joto hilo akiwa kwenye toroli.

Kwa safari za ndani tusipoteze maneno mengi. Kwenda Arusha au Dodoma na mbwa mkubwa, gari lako mwenyewe ukiondoka alfajiri ni bora kuliko ndege yoyote.

Sasa nchi unakokwenda, kwa sababu sheria yake inalishinda shirika. Uingereza haipokei mbwa kabini wala kama mzigo wa abiria kwa ndege: ni kago peke yake, kwa njia zilizoidhinishwa. Ndiyo maana wengine humshusha mbwa Amsterdam kwa AVIH, kisha wakavuka kwa meli ya Stena Line kutoka Hook of Holland kwenda Harwich. Njia hiyo ni halali na mara nyingi nafuu, mradi karatasi za Uingereza ziwe kamili, ikiwemo dawa ya minyoo ya tegu inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Pit Bull, Tosa, Dogo Argentino, Fila Brasileiro na XL Bully hawaruhusiwi huko kabisa. Afrika Kusini inataka kibali, kago, na vipimo vya damu vya magonjwa matano, kikiwemo cha Brucella canis. Australia haimpokei mbwa anayetoka Tanzania moja kwa moja. Lazima akaishi kwanza katika nchi inayoitambua.

Marekani ilibadilisha kanuni tarehe 1 Agosti 2024. Tanzania imo kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjwa hapa awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu (kidude cha utambulisho kinachochomwa chini ya ngozi), fomu ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, cheti cha chanjo na chipu kilichogongwa muhuri na daktari wa serikali, na nafasi iliyolipiwa kwenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC. Asipokuwa na kipimo cha kinga cha damu, anawekwa karantini siku 28 kwa gharama yako. Vituo hivyo viko kwenye viwanja vichache kama Atlanta, JFK, Los Angeles, Miami, Philadelphia na Dulles. Tiketi inayokuingiza Marekani kupitia Chicago, hata iwe rahisi namna gani, haimsaidii mbwa wa Dar.

Umoja wa Ulaya na Uingereza zina mfuatano mmoja wa lazima, na hapa ndipo tunapoona safari nyingi zikivunjika. Chipu kwanza, ya tarakimu 15 ya kiwango cha kimataifa cha ISO. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa akiwa na wiki 12 au zaidi. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Mbwa wengi wa Dar wamechanjwa kwenye kampeni za kata, zile za kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, na kadi zao hazina namba yoyote ya kumtambulisha mnyama. Chanjo hiyo inamlinda mbwa, lakini mpakani ni sawa na hakuna. Achomwe chipu, achanjwe tena, daktari aandike namba ya chipu kwenye kadi.

Baada ya chanjo zipite siku 30 ndipo damu itolewe kupima kinga, na majibu yafike 0.5 IU kwa mililita au zaidi, kutoka maabara inayotambuliwa na Umoja huo. Kutoka siku ya kutoa damu hesabu miezi mitatu kamili kabla ya kuingia. Jumla ni miezi minne na ushee, na hakuna afisa anayeweza kukupunguzia hata wiki. Damu yenyewe huharibika kirahisi kwa joto letu: isipotenganishwa mapema, ikatikiswa kwenye bodaboda kutoka Mikocheni, chembe hupasuka, seramu inakuwa nyekundu na maabara inaikataa. Mchague daktari mwenye mashine ya kutenganisha damu hapo hapo kliniki, na seramu isafiri kwenye baridi. Tarehe ya chanjo ya marudio nayo ilindwe: ikipita hata siku moja, kinga inahesabiwa imekatika na mzunguko unaanza upya.

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya hutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuwasili na lazima kiidhinishwe na daktari wa mifugo wa serikali, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Siku 10 ni chache ukiondoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Usipange safari ya wiki ya Idi au ya mwisho wa Desemba kama huna mtu wa kufuatilia muhuri. Na kabla hujatoka ofisini, soma namba ya chipu tarakimu kwa tarakimu kwenye kadi, kwenye majibu ya maabara na kwenye cheti. Tarakimu moja iliyokosewa humzuia mbwa aliye mzima kabisa.

Kreti ndiyo inayokataliwa zaidi kaunta. Kanuni ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, inataka vipimo vinne vya mbwa akiwa amesimama: A, kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, B, kutoka chini hadi kiwiko cha mguu wa mbele, C, upana wa mabega, D, kutoka chini hadi kichwani au ncha ya sikio, chochote kilicho juu. Urefu wa kreti kwa ndani uwe A kujumlisha nusu ya B, upana C mara mbili, kimo D pamoja na unene wa tandiko. Mwenye pua fupi aongezewe asilimia 10. German Shepherd mwenye A 75, B 35, C 25 na D 78 anahitaji urefu wa sentimita 92.5, upana 50, na kimo kinachozidi 78. Kreti ya sentimita 102 kwa 69 kwa 76 inaonekana inamtosha, kumbe masikio yanagusa dari, na afisa akiliona hilo anamrudisha. Anatakiwa ile ya 122 kwa 81 kwa 89.

Hapo bei inaruka. Kago hulipwa kwa uzito halisi au kwa ujazo, kutegemea upi ni mkubwa, na ujazo ni sentimita zote tatu zikizidishwa kisha kugawanywa kwa 6,000. Kreti hiyo kubwa inatoa karibu kilo 147, hata kama mbwa na kreti havifiki 55. Ile ndogo ni kilo 89. Ukiletewa ankara ya kilo 147, usidhani umeibiwa; fanya hesabu mwenyewe kwanza. Tena kreti yenye kimo cha 89 ni shida kwenye Boeing 737, ambayo mlango wake wa mizigo ni mfupi. Uliza aina ya ndege kwa kila kipande cha safari.

Ukinunua ya plastiki Masaki au popote, funga nusu mbili kwa skrubu na nati za chuma pande zote. Vibano vya plastiki havikubaliki. Mlango uwe wa chuma, magurudumu yatolewe, matundu ya hewa yawe pande zote nne, vyombo vya chakula na maji vijazike kutoka nje. Fundi wa Keko anaweza kukutengenezea ya mbao imara, na kwa mbwa wa umbo lisilo la kawaida ni chaguo zuri. Mwambie atumie plaiwudi, kwa sababu mbao nzima hutakiwa ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 na kugongwa alama ya ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, la sivyo zitazuiwa. Ndani tandika pedi za kunyonya mkojo au taulo. Nyasi kavu na maranda, nchi nyingi hazitaki.

Mzoeshe mbwa kulala humo wiki kadhaa kabla. Dawa ya kumlaza usimpe: hushusha msukumo wa damu na kumnyima uwezo wa kujipoza kwa kuhema, na mashirika humkataa mbwa aliyelewa dawa. Mwenye pua fupi yuko hatarini kwa sababu hiyo hiyo, kwani njia zake za hewa tayari ni finyu.

Kwa msimu, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kusafirisha mbwa kutoka Dar ikiwa hapitii Ghuba. Desemba hadi Machi joto hupita nyuzi 30 na unyevu ni mwingi, na hatari kubwa iko kwenye zege la uwanja kabla ya kupakiwa. Ndege ya usiku ni bora kuliko ya alasiri. Kwa kago, uliza ghala la mizigo linafunga kupokea wanyama saa ngapi, kisha utoke nyumbani ukihesabu foleni ya Barabara ya Nyerere, kiyoyozi cha gari kikiwaka. Mpe chakula kidogo saa kadhaa kabla, maji hadi mwisho, mtembeze akojoe, na maji ya kwenye kreti yagandishe ili yasimwagike wakati wa kubebwa. Nakala za karatasi zote ziwekwe kwenye bahasha ya plastiki juu ya kreti, jina la mbwa na namba yako ya simu ya huko uendako zikiandikwa kwa herufi kubwa, na kamwe usifunge mlango kwa kufuli yenye funguo, maana wafanyakazi lazima waweze kuufungua mbwa akipata shida.