Tiketi za utalii wa angani: ipi inunulike, ipi isubiri

Kwa mtu wa mshahara wa kawaida, katika tiketi zote zinazotangazwa kwa jina la utalii wa angani, inayonunulika ni moja tu, na hiyo yenyewe haifiki angani. Nyingine ni za kusubiri, tena kusubiri bila kuweka hela ya mtu yeyote mfukoni mwa kampuni. Nimezipanga kuanzia ile ningeilipia hadi ile ya kutazama kwa mbali. Shilingi ninazotaja ni za Kenya, dola moja kwa 129 hivi.

1. Ndege ya kuelea

Dola 8,000 hadi 10,000. Hiyo ni shilingi milioni moja na ushee, bei ya gari dogo lililotumika Japani likishalipiwa ushuru. Marekani inauzwa na kampuni ya Zero-G, wenye Boeing 727. Ufaransa ni Novespace wa Bordeaux, wenye Airbus A310. Sehemu kubwa ya viti imeng'olewa na sakafu imetandikwa magodoro. Ndege inapanda kwa mwinuko wa nyuzi 45 hivi, wewe umelala chali, uzito wako unakaribia maradufu, macho umeyakaza darini. Ukigeuza shingo wakati huo, tumbo nalo linageuka. Kisha rubani anapunguza nguvu za injini, ndege inafuata upinde wa jiwe lililorushwa, na kwa sekunde 20 na kitu hakuna juu wala chini. Msimamizi akipaza sauti, shusha miguu upesi, maana uzito unarudi wote kwa mkupuo.

Safari moja ya Zero-G ina mizunguko 15 ya namna hiyo. Ijumlishe: unaelea kama dakika tano. Roketi ya dola laki kadhaa inakupa tatu au nne. Unachokosa ni dirisha, yaani ule weusi wa anga na ukingo wa dunia uliopinda. Kutapika kupo, mifuko inagawiwa. Lakini ndege ya Zero-G inaruka chini ya sheria zilezile za usafiri wa anga zinazosimamia mashirika ya ndege, na kwangu hilo ndilo lililoipa nafasi ya kwanza.

2. Roketi ya kupanda na kushuka

Hapa ndipo penye maneno mengi na hela nyingi. Washindani ni kampuni mbili za Marekani, Blue Origin na Virgin Galactic, na ningelazimishwa kuchagua ningechukua Blue Origin.

Anza na bei. Virgin Galactic waliuza tiketi za mwanzo kwa dola 200,000, wakapandisha hadi 250,000, mwaka 2021 ikawa 450,000, baadaye 600,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 77. Kwa hiyo anayekuambia bei itashuka tu kadiri miaka inavyokwenda, muulize imeshuka wapi. Chombo kinabeba watu wachache, vyombo vyenyewe ni vya kuhesabu, na matajiri walio kwenye foleni hawajaisha. Kile walichotumia kubeba watalii, Unity, kilistaafishwa Juni 2024 ili nguvu ziende kwenye vipya. Mwingereza Jon Goodwin alilipa mwaka 2005 akapaa Agosti 2023. Miaka 18! Aliokaa nao humo, mama na binti yake kutoka Antigua, walipata nafasi kwa bahati nasibu.

Blue Origin hawakutangaza bei. Kiti kimoja cha safari yao ya kwanza ya abiria, Julai 2021, kilinadiwa kwa dola milioni 28. Safari ilikuwa ya dakika kama kumi na moja, ikipita kilomita 100, ambako wengi wanahesabu ndiko anga inakoanzia. Virgin hawakufika hapo. Ila Januari 2026 Blue Origin walitangaza kusimamisha safari hizo kwa miaka miwili au zaidi.

Upande wa usalama, mwaka 2014 chombo cha majaribio cha Virgin kilivunjika hewani na rubani msaidizi Michael Alsbury akafa. Roketi ya Blue Origin iliharibika Septemba 2022 bila mtu ndani: mfumo wa dharura ulikichomoa chombo cha abiria kikatua kwa parachuti. Mei 2024, safari hii wakiwa na watu, parachuti moja kati ya tatu haikufunguka vizuri na wote wakashuka wazima. Ule mfumo wa kujichomoa ndio sababu ya uchaguzi wangu.

Ila jambo moja linawahusu wote wawili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliizuia serikali kuweka masharti ya usalama wa abiria wa roketi, na zuio hilo limesogezwa hadi Januari 2028. Kabla ya kupanda unatia sahihi kwamba umeelezwa serikali haijakithibitisha chombo kuwa salama.

3. Puto

Zilitangazwa kwa dola 50,000 hadi 125,000 kwa kupanda kilomita 30, ambako si angani na huelei. Mandhari ni nzuri, sikatai. Lakini vianzio, yaani hela za kushikia nafasi, vimekusanywa kwa miaka, abiria hawajapaa.

4. Kuzunguka dunia

Tajiri wa Marekani Dennis Tito alilipa kama dola milioni 20 mwaka 2001. Wateja watatu waliokwenda na kampuni ya Axiom mwaka 2022 walilipa kama milioni 55 kila mmoja. Tusipoteze muda. Njia ya asiye na kitu ni ufadhili: Sara Sabry wa Misri alipaa na Blue Origin mwaka 2022 kwa kiti kilicholipiwa na shirika.

(Kwa wanaouliza kama mtu anaweza kupaa kutoka Malindi, hapa Kenya: kituo cha Waitaliano pale Ngomeni kilirusha satelaiti, Uhuru ikiwemo, 12 Desemba 1970. Mtu hakijawahi kurusha.)

Kabla ya kulipa

Kampuni ya XCOR iliuza tiketi za karibu dola laki moja, ikafilisika mwaka 2017 kabla chombo chake hakijaruka hata mara moja. Kwa hiyo taka iandikwe kwenye mkataba: kianzio kinarudishwa au hakirudishwi, na kinakaa kwa nani. Uliza bima yako ya maisha kama inalipa ukifia kwenye roketi. Soma mwenyewe, usiridhike na maneno ya wakala. Na hata kwa ile ndege ya kuelea, tafuta kwanza viza ya Marekani au ya Schengen, maana ada ya viza hairudishwi na kunyimwa si jambo geni. Tarehe ya safari ichague ukiwa na pasi yenye viza mkononi.