Bogofilter: Kichujio cha Barua Taka Kinachokubali Kuulizwa

Bogofilter ni programu huria ya kuchuja barua pepe. Ilianzishwa na mtayarishaji programu Eric S. Raymond mwaka 2002, muda mfupi baada ya mwenzake katika fani hiyo, Paul Graham, kueleza hadharani namna ya kutambua barua taka kwa kuhesabu maneno yake. Ninaithamini kwa sababu moja kubwa: inapokosea, huonyesha hesabu iliyoifikisha kwenye kosa.

Nilizihitaji hesabu hizo pale barua za kamati ya wazazi, zote za Kiswahili, zilipoanza kuangukia kwenye folda ya taka. Kila barua hupewa alama kati ya 0 na 1 katika mstari wa X-Bogosity, ambao programu huuongeza juu ya barua; kwa mipangilio ya awali, inayofika 0.99 ni taka, isiyozidi 0.45 ni halali, na iliyo katikati huachwa bila uamuzi. Nilipoipitisha mojawapo kwa chaguo la -vvv, ambalo huorodhesha maneno ya barua pamoja na uzito wa kila moja, niliona kwamba "ada", "mkutano" na "wanafunzi" hayakuchangia chochote. Neno ambalo programu haijawahi kukutana nalo hupewa uwezekano wa 0.52 wa kuwa la taka, na lolote ambalo umbali wake kutoka 0.5 haufiki 0.375 huachwa nje ya hesabu. Kwa kuwa nilikuwa nimeifundisha kwa barua za Kiingereza karibu peke yake, Kiswahili chote kilikaa kimya, na uamuzi ukabaki kwa maneno yenye viambishi vya rcvd: na head:, yaani yale ya mistari ya juu ya barua, ikiwemo inayoonyesha njia ambayo barua imepitia. Kamati ilikuwa ikituma kupitia huduma ileile ya barua za jumla iliyotumiwa na watangazaji walionisumbua kwa muda mrefu.

Nilishukuru kwamba sikuwa nimewasha -u, chaguo linaloiruhusu programu kusajili kila barua iliyoiamua kuwa taka au halali kwa kufuata uamuzi wake yenyewe, kwani "ada" na "mkutano" yangekuwa tayari yameandikwa kuwa maneno ya taka. Kwa sababu hiyohiyo nilitumia -n peke yake, inayosajili barua kuwa halali, kurekebisha, wala si -Sn, ambayo kwanza hufuta usajili wa taka; kufuta usajili ambao haukuwahi kufanyika huharibu hesabu za wordlist.db, faili linalotunza idadi za maneno, na hapo ndipo watumiaji wengi wapya hujikwaa.

Haina madirisha wala vitufe, hivyo asiyezoea kuandika amri kwenye kompyuta itamchosha. Mimi niliifundisha barua halali 60 za kamati na za ndugu zangu, nyingi zikiwa za Kiswahili. Tangazo la kamati lililofuata liliachwa bila uamuzi. La baada yake liliingia kikashani, na safari hii "wanafunzi" lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyolivuta huko.