Redio ya Android ya inchi 9 kwa Toyota ya Japani: tathmini kabla hujashika bisibisi

Toyota nyingi za Dar zimetoka Japani zikiwa na redio yake ya kiwandani, na redio hiyo mjini hapa haina maisha. Bendi ya FM ya Japani huanza 76 MHz na kwa redio nyingi za zamani inaishia 90. Kwa hiyo EFM ya 93.7 na Times ya 100.5 kwake hazipo kabisa, hata ukizungusha mpaka kitufe kichoke. Ramani zake ni za Japani, menyu ni ya Kijapani, na nyingine ukichomoa betri mara moja tu zinadai kadi ya SD ambayo ilibaki hukohuko kwa mwenye gari wa kwanza. Ndiyo maana redio za Android za Mchina zimejaa Kariakoo.

Tunayoipima hapa ni ile inayouzwa zaidi: kioo cha inchi 9, RAM ya GB 2, hifadhi ya GB 32, ikiwa na fremu ya gari na soketi zake ndani ya boksi. Jina la chapa hatulitaji kwa sababu lenyewe halikai. Boksi lilelile na ubao uleule wa ndani mwezi huu lina jina hili, mwezi ujao lina jingine. Kwa kifupi, kioo kizuri, Bluetooth ya kuridhisha, sauti ya kawaida, mwongozo wa karatasi haufai hata kufungia karanga. Kuifunga mwenyewe nyumbani inawezekana kwa saa tatu au nne, ila usikate waya hata mmoja wa gari.

Tuanze na uongo wa boksi. Limeandikwa wati 45 mara 4, yaani wati 180. Igeuze redio uangalie fyuzi yake kwa nyuma: ni ya ampia 10, mara chache 15. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni volti 14 na kitu. Gawa 180 kwa 14.4, unapata ampia 12.5, na hapo tumejifanya hakuna hata wati moja inayopotea. Amplifaya ya ndani ya redio za aina hii hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto, hivyo kutoa wati 180 za kweli ingehitaji kama ampia 25. Fyuzi ya 10 ingekatika kabla wimbo haujafika kiitikio. Ukweli ni wati 18 hadi 20 kwa kila spika. Kwa spika za mlangoni zinatosha kabisa. Mwenye kutaka besi ya kutingisha vioo anunue amplifaya ya pembeni, aiunge kwenye matundu ya RCA, yale ya duara ya kutolea sauti nyuma ya redio.

Uongo wa pili ni memori. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni RAM nne, sitini na nne, Android kumi na tatu," na ukifungua ukurasa wa mipangilio utayakuta maneno hayohayo yameandikwa. Ukurasa huo huchakachuliwa kiwandani. Nenda na flashi yenye programu ya CPU-Z, omba redio iwashwe pale kaunta (wengi wana umeme wa volti 12 wa kujaribia), isakinishe uone inavyosoma yenyewe RAM, idadi ya kori za prosesa na toleo la Android. Akikataa kuiwasha, fremu za maduka hazijaisha mtaani. RAM 1 na hifadhi 16 ikimbie, itakuwa inaganda kila ukibadilisha kutoka ramani kwenda muziki. Kwa anayetumia CarPlay au Android Auto, 2 na 32 inatosha, maana kazi nzito inafanywa na simu na kioo kinaonyesha tu. Ile 4 na 64 ya kweli ina maana kwa anayetaka ramani na YouTube ndani ya redio yenyewe kwa bando la hotispoti.

Tumetaja fremu za maduka. Fremu ya redio nayo ina mambo yake. Tundu la redio la Toyota ya Japani lina upana wa milimita 200 kwa kimo cha 100, wakati redio ya kawaida ya kimataifa ya inchi 7 ina 178. Ndiyo maana ukiweka ya inchi 7 bila vipande vya pembeni unabaki na nafasi ya milimita 11 kila upande, gari linaonekana limeng'oka meno. Ya inchi 9 huja na fremu ya gari maalumu, na hapo lazima utaje modeli pamoja na mwaka. Fremu ya IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, haiingii kwenye IST iliyofuata. Nenda na gari, au chomoa paneli nyumbani uende nayo mkononi. Fremu isiyokaa usikubali ikapigwe tupa. Itatoa mlio wa plastiki kila shimo kuanzia Kimara mpaka Mbezi.

Sasa soketi, ambako ndiko redio nyingi zinafia. Nyuma ya redio ya Toyota kuna plagi mbili kuu: moja ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, nyingine ya pini 6 yenye spika za nyuma. Ndani ya boksi lazima kuwe na waya zenye soketi zinazopokea plagi hizo moja kwa moja. Kama hazimo, zinunue kabla ya kitu kingine chochote, ni za bei ndogo. Asiyekuwa nazo atakata plagi ya gari na kuunga rangi kwa rangi, na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu lugha mbili za rangi hazielewani.

Kwenye redio, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa swichi (unaokuja ukizungusha ufunguo), nyeusi ni ethi (hasi ya bodi ya gari). Kwenye Toyota nyingi umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, ethi ni kahawia. Nyeusi na njano za Toyota ni chanya na hasi ya spika ya nyuma kushoto. Nyekundu na nyeupe ni spika ya nyuma kulia. Kwa hiyo anayeunga njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi amepeleka njia zote tatu za umeme kwenye spika. Redio haiwaki. Fundi wa haraka anaanza kugusisha waya mmoja baada ya mwingine kutafuta moto, na siku volti 12 zikigusa waya wa spika, chipu ya amplifaya imekwenda. Dalili yake utaiona: kioo kinawaka vizuri, kila kitu kinafanya kazi, lakini spika zote nne kimya. Vilevile usiunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari hata kama mtu atakwambia "hasi ni hasi tu." Kwenye redio hizi waya zote mbili za spika zinaendeshwa na chipu, hakuna hata mmoja ulio ethi.

Vifaa vya kazi: spana ya 10, bisibisi ya nyota, kipande cha plastiki cha kubandulia paneli (bisibisi ya chuma inakwangua dashibodi), mita ya kupimia umeme, na zipu za plastiki za kufungia waya. Toa taminali hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 ili mfumo wa airbag umalize chaji yake, halafu ndiyo uguse paneli. Kwenye Toyota nyingi paneli inayozunguka redio na matundu ya AC imeshikwa na klipu tu. Anza pembe ya chini, vuta kuelekea kwako kwa mikono miwili, usivute kwa pupa kwa sababu plagi ya taa za hazadi iko nyuma yake na waya wake ni mfupi. Ikitoka, utakutana na bolti nne za spana 10. Redio inatoka na vyuma vyake vya pembeni. Ukiondoa vyuma hivyo weka skrubu zake kando. Skrubu ndefu kuliko za redio mpya zinaweza kutoboa ubao wa ndani, tumia zilizokuja na boksi.

Usirudishe paneli bado. Unga kila kitu kikiwa kinaning'inia, rudisha betri, jaribu. Mizani ya spika kushoto, kulia, mbele, nyuma, moja moja. Ukikuta besi imekufa huku sauti ikisikika kama inatoka mbali, spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Vitufe vya usukani vinaingia kwenye waya za KEY1 na KEY2 pamoja na ethi yake, kisha unavifundisha kwenye programu ya redio: gusa alama ya sauti, shikilia kitufe cha usukani, hifadhi. Vikikataa vyote, karibu kila mara ethi ya vitufe haijaungwa.

Kamera ya nyuma inapigiwa kelele bure. Kwenye kebo yake ya RCA kuna waya mwembamba mwekundu unaochomoza ncha zote mbili. Ncha ya nyuma inaungwa kwenye chanya ya taa ya rivasi, ya mbele kwenye waya wa redio ulioandikwa BACK. Wengi wanauacha ukining'inia, halafu wanarudisha kamera dukani wakisema kimeo.

Antena ya redio ya Kijapani ina kichwa tofauti, hivyo utahitaji kiunganishi kidogo. Gari lenye antena ya kwenye kioo lina amplifaya ndogo inayohitaji volti 12 kutoka waya wa bluu wa redio. Bila hiyo FM inasikika Posta ukifika Tegeta ni mchele mtupu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya bendi uchague Europe. Ikiwa imewekwa America, inaruka hatua za 200 kHz na kutua kwenye desimali za witiri tu, kwa hiyo stesheni yenye .4 au .8 hutaipata sawasawa, nawe utailaumu antena. Antena ya GPS ibandike juu, chini ya plastiki ya dashibodi, pasipo chuma juu yake. Maikrofoni iliyomo ndani ya redio ni dhaifu. Tumia ile ya waya, ipandishe kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Waya wa BRAKE ni wa hendibreki, kazi yake ni kuzuia video wakati gari linatembea. Mafundi wanauunga ethi moja kwa moja bila hata kukuuliza. Tunashauri uungwe panapostahili, foleni ya Ubungo haihitaji dereva anayeangalia tamthilia.

Mahali popote unapolazimika kuunga waya, usisokote na kuzungushia tepu ya nailoni. Gari lililoegeshwa juani hapa mjini mchana gundi ya tepu inalainika, tepu inateleza kama soksi iliyolegea, na waya unabaki wazi pembeni ya chuma. Karibu na bahari chumvi inaongeza kutu ya kijani kwenye shaba. Piga solda, vika mpira unaosinyaa kwa moto, kisha funga fungu lote kwa zipu lisigongegonge.

Harrier zenye mfumo wa sauti wa JBL zina amplifaya yake ya kiwandani, na hizi soketi za kawaida hazitoi sauti humo. Hapo mpe kazi fundi aliyezoea.

Kuhusu bei, inabadilika kwa wiki na kwa sura ya mteja, ila ukipungukiwa pesa punguza RAM, usipunguze soketi wala fremu. Dai risiti yenye namba ya modeli, na dhamana iandikwe siku ngapi, siyo "utarudi tu kaka."

Kipimo cha mwisho ni cha asubuhi ya pili. Zima gari, funga milango, subiri dakika 20, weka mita kwenye ampia kati ya nguzo hasi ya betri na taminali yake uliyoitoa. Chini ya miliampia 50 lala usingizi. Ukisoma 500, redio hailali: nyekundu na njano zote zimeungwa kwenye umeme wa kudumu, au mpangilio wa kulala umezimwa. Hiyo nusu ampia inakula ampia-saa 12 (12 Ah) kwa siku, na betri ndogo ya NS40 yenye kama 35 Ah haitakupigia stata siku ya tatu. Hamishia nyekundu kwenye waya wa kijivu, pima tena, ndipo urudishe paneli.