Nyasi bandia au zege uani? Sisi tumeweka nyasi, haya ndiyo maoni yangu

Kwa yeyote anayejiuliza amwage zege au aweke nyasi bandia nyumbani, mimi nasema wazi weka nyasi, ila pesa na akili yako nyingi ipeleke kwenye kile kinachokaa chini ya kapeti la nyasi hizo. Wengi wanaolalamika kwamba nyasi bandia hazifai, ukienda kwao unakuta zimetandikwa juu ya udongo mtupu au juu ya sakafu isiyo na mteremko, maji yanatuama, harufu inaanza, halafu lawama zote linabeba kapeti.

Uani kwetu Mbezi, Dar es Salaam, ni mita 6 kwa 8, watoto wanacheza hapo kutwa nzima na mvua za masika zikianza pote panakuwa tope. Mama alitaka zege kwa sababu linafagilika na linaanikwa kitu chochote, mahindi, dagaa, na kiukweli kwenye kuanika yuko sahihi kabisa. Sasa tukapiga hesabu. Zege la unene wa sentimita 10 kwa eneo hilo ni karibu mita za ujazo 5, kwa mchanganyiko wa moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) unaongelea kama mifuko 30 ya saruji, bado mchanga, kokoto, maji, mafundi, na kulimwagilia wiki nzima lisipasuke. Na likishaganda limeganda, siku unataka kupitisha bomba au kurekebisha chemba unaita watu wa kuvunja.

Kilichonifanya nikatae zege lakini sio bei, maana nyasi nzuri pamoja na matayarisho yake haziko mbali sana na hiyo gharama. Ni maji. Zege halinywi maji, mvua yote inayodondoka uani lazima itafute pa kwenda, na huku kwetu wenye nyumba karibu wote wameshafunika viwanja vyao kwa zege na pevingi kwa hiyo maji ya kila mtu yanamshukia jirani wa bondeni. Jambo hili linaniumiza sana, watu wanalala wamesimama masika nzima kwa sababu ya sakafu zetu. Halafu kuna watoto, mtoto akidondoka kwenye zege anapasuka kichwa au anachubuka goti vibaya, kwenye nyasi anainuka anaendelea na mpira.

Jinsi tulivyofanya: fundi alichimba kama sentimita 10, akatoa mizizi yote, akaweka kokoto ndogo, juu yake vumbi la kokoto, akashindilia kwa mashine huku anamwagia maji kidogo, na akaacha mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea upande wenye mtaro. Kikafuata kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji, ndio kapeti likaja. Kapeti nyingi zinakuja kwenye rola la upana wa mita 2 na urefu wa mita 25, kwa hiyo kwa uani kama wetu unakata vipande vitatu vya mita 8 na rola moja linatosha. Simamia hapa, vipande vyote nyasi zake zilale upande mmoja, mkigeuza kimoja mtaona mstari na rangi tofauti mpaka siku mtakapoling'oa. Maungio yanabandikwa kwa utepe na gundi, kingo zinapigwa misumari, mwisho unamwagwa mchanga mkavu na kusuguliwa kwa brashi ngumu uingie kati ya nyuzi, ndio unaolipa kapeti uzito na kuzifanya nyasi zisimame.

Dukani usinunue kwa macho tu. Makapeti yenye nyuzi za urefu wa milimita 10 ni ya balkoni na kumbi za sherehe, kwa watoto chukua milimita 30 au 35. Likunje kapeti uangalie shina, kama unaona plastiki ya mgongo kirahisi basi nyuzi ni chache, zitalala mapema. Vuta nyuzi kadhaa kwa nguvu, zikitoka rudisha. Geuza nyuma uhakikishe lina matundu ya kupitisha maji. Na zile chembe nyeusi za mpira zinazomwagwa kwenye nyasi za viwanja vya soka usikubali kuuziwa kwa ajili ya nyumbani, zinasambaa kila mahali, Umoja wa Ulaya wenyewe wamepitisha kanuni mwaka 2023 kwamba ikifika 2031 zisiuzwe tena.

Sasa ubaya wake. Joto! Saa sita hadi saa tisa mchana jua likiwa kali huwezi kukanyaga pekupeku. Watafiti wa Brigham Young University kule Utah walipima wakakuta uso wa nyasi bandia una wastani wa digrii 47 wakati zege lilikuwa 34, kwa hiyo hapo zege limeshinda, tuseme ukweli. Ukimwagia maji zinapoa ila joto linarudi haraka, dawa yake ni kivuli. Sisi tuna mwembe ndio unaotuokoa, asiye na mti afunge hata turubai. Jambo la pili ni moto, hii ni plastiki, cheche ya jiko la mkaa inaacha tundu, kwa hiyo jikoni kwa nje tumeacha kipande cha zege na mama anaanika hapo hapo. Kwenye gari pia usiweke, matairi yanalaza nyuzi na mafuta yakidondoka hayatoki. Kama mna mbwa, suuza kwa maji mara kwa mara na siki kidogo, mkojo ukikaukia kwenye mchanga unanuka.

Masika iliyofuata maji yalipita chini yakaishia mtaroni, hakuna dimbwi hata moja, na watoto walitoka kucheza mvua ilipokata tu.

Kabla hujatoa advansi muulize fundi maji yataingilia wapi na kutokea wapi. Akianza kukuonyesha picha za rangi za kapeti badala ya kukujibu, tafuta fundi mwingine.