Ivermectini ya bomba kwa farasi anayekohoa: inafaa, ila si kwa kila kikohozi

Bomba la gramu 6.08 la dawa hii ya minyoo, ivermectini asilimia 1.87, hutosha farasi wa kilo 560 hivi, kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kila kilo. Kwa minyoo ya mapafu, dawa hii haina ubishi. Mshuku kwanza farasi anayelishwa pamoja na punda, kwani punda huibeba minyoo hiyo bila hata kukohoa. Kinyesi kikikosa mabuu usifurahi mapema: ndani ya farasi minyoo hii mara nyingi haifiki kutaga. Kipimo cha maana ni kusafisha mapafu kwa maji ya chumvi na kuhesabu eosinofili, chembe nyeupe za damu zinazoongezeka kukiwa na minyoo au mzio.

Kasoro ya bomba iko kwenye pete ya kupangia kiasi cha dawa. Isipokazwa, msukumo mmoja humaliza bomba zima. Mdomo uwe mtupu, dawa ikae nyuma ya ulimi. Majani yakibaki shavuni, ataitema yote. Punda naye apewe siku hiyohiyo. Mbwa wasilambe matone, hasa jamii ya Collie.

Eosinofili zikibaki juu wiki kadhaa baadaye, bomba la pili ni hela ya bure: huenda ni vumbi au mzio, na suala la steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, ni la daktari wa mifugo.