Laptopu ndogo ya GB 4: upige (usakinishe) mfumo gani?

Ukizunguka maduka ya mtumba hapa Dodoma, laptopu ya bei ya mwanafunzi mara nyingi ni ya inchi 11, prosesa Celeron, RAM GB 4, na diski ya eMMC ya GB 32 au 64. Fundi atakwambia, "Lipa, nakupigia Windows 11 uondoke nayo." Usikimbilie. eMMC imechomelewa kwenye bodi, huibadilishi kama diski ya kawaida, na Windows 11 yenyewe inataka diski ya GB 64 kwa uchache. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Chaguo langu la kwanza ni Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows, katika sura yake nyepesi iitwayo Xfce. Ni bure, menyu iko kushoto chini kama ulivyozoea, na LibreOffice (programu za kuandikia na majedwali, kama Word na Excel) inakuja humo humo. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Faili la kuipakua linakaribia GB 3, kwa hiyo tumia Wi-Fi ya chuo, bando litaumia. Liandike kwenye flashi ya GB 8, uende nayo dukani.

Faida ya flashi hiyo ni kwamba Mint inawaka kutoka humo bila kugusa diski. Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji uiwashe hivyo: unganisha Wi-Fi, cheza video, bonyeza kila kitufe cha kibodi, funika kifuniko kisha ufungue uone kama inaamka. Muuzaji akikataa, mimi ningehamia duka la pili.

Ya pili ni Lubuntu, nyepesi kuliko Mint, ila sura yake ni kavu. Mashine ikiwa nzito hata na Xfce, nenda huko.

Ya tatu, ChromeOS Flex ya Google. Inawaka haraka na haina mambo mengi, lakini karibu kila kitu ni cha mtandaoni, na programu za Android haiziendeshi. Kwa anayeishi kwa bando la siku, hapana.

Windows 11 naiweka mwisho, isipokuwa kazi yako inadai SPSS (ya takwimu) au Tally (ya uhasibu). Hapo huna ujanja: tafuta mashine ya RAM GB 8 yenye SSD, hata kama ni kubwa na nzito begani. Na Windows ya "kukrakiwa" ya bure usiipokee, hujui kilichofichwa ndani.

Kuna vile vikongwe vya prosesa Atom vya RAM GB 1 au 2, vingine vya biti 32. Hivyo vipigie antiX, Linux nyepesi sana, viandikie barua na kusomea PDF. YouTube usivitese nayo.

Kwa wa Mint na Lubuntu: ripoti ya LibreOffice ukiipeleka steshenari kama docx (faili la Word), majedwali yanaweza kuhama. Bonyeza kitufe cha PDF kwanza, ndipo uweke kwenye flashi.