Vidio za fizikia mtandaoni: nilichoona nikisoma na mtoto wa kidato cha nne hapa Nakuru

Msichana wa dada yangu yuko kidato cha nne, shule ya kutwa hapa Nakuru, na jioni akitoka shule ndio tunakaa na simu yangu tunapitia vidio za fizikia, zile wazazi wanatumiana na zingine tumejitafutia wenyewe. Kwa kuelewa, zinasaidia sana. Kuna vitu kwenye ubao havionekani hata mwalimu ajitahidi vipi, na vidio inavionyesha kwa dakika mbili. Kupita KCSE, ule mtihani wa taifa wa kidato cha nne hapa Kenya, nayo ni kazi ingine, nitafika hapo.

Ile nimependa kuliko zote ni Khan Academy, tovuti ya masomo. Ni ya bure kabisa. Mwanzilishi wake, Salman Khan, alianza kwa kumfundisha binamu yake hesabu akiwa mbali, mwaka 2004, na mpaka leo ukiskiza vidio zao unaona ni kama mtu anamweleza mtu mmoja tu, hakuna haraka, ni skrini nyeusi na kalamu za rangi na sauti, akikosea anafuta anaandika tena. Mtoto anaweza kusimamisha, arudishe nyuma, aandike, aendelee, na hapo ndio siri iko, kwa sababu mtoto akiangalia bila kalamu mkononi hiyo ni televisheni tu. Mambo ya kani, kazi na nishati, saketi, yamepangwa vizuri na kuna maswali ya kufanya baadaye.

Lakini jua hayo ni masomo yaliyotengenezwa Marekani na mtihani wetu ni wetu. Wao wanatumia g (ile ya mvutano wa dunia) ya 9.8, sisi pepa inakwambia chukua 10. Rezista wanaichora zigizagi, sisi tunachora kisanduku. Kwa lenzi, zile u na v zetu (umbali wa kitu na wa picha kutoka kwa lenzi) huzioni, unakuta d yenye herufi ndogo chini, na mtoto anafikiri ni fomula mpya kabisa kumbe ni ile ile. Sio makosa ya mtu, ila lazima mtu mkubwa akae hapo amwonyeshe hii ni hii. Sisi tuliandika karatasi moja ya hizo tofauti tukaibandika nyuma ya daftari na mambo yakawa rahisi.

CrashCourse, chaneli ya YouTube, nayo ni nzuri, Dkt. Shini Somara anaeleza vizuri na picha zao ni safi, lakini inakimbia! Na vidio ya pili tayari ni kalkulasi, ya tatu pia, mtoto ambaye hajafika hiyo mada kwa hesabu atakata tamaa aseme fizikia si yake. Mimi ningesema iwe ya kurudia kitu ameshaelewa, usianze nayo.

Sasa kitu wazazi wengi hawajui ni PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Hii si vidio, ni majaribio unayafanya kwa kidole kwenye skrini, iko bure na inatumia megabaiti chache tu, na kuna zingine zimetafsiriwa Kiswahili. Mada ya umeme wa sumaku ilikuwa imemsumbua sana huyu msichana. Alikuwa anajua kwa kichwa kwamba sumaku na koili (waya uliozungushwa) zinaleta umeme, basi akawa anaandika sumaku ikikaa ndani ya koili umeme unapita. Tukafungua lile jaribio la PhET linaloitwa la Faraday, lenye sumaku, koili, balbu na mita ya umeme. Akasukuma sumaku ndani, balbu ikawaka. Akaiacha imetulia humo ndani, balbu ikazima na mshale wa mita ukarudi sufuri. Akavuta, ikawaka tena na mshale ukaenda upande wa pili. Akasukuma haraka, ikawaka zaidi. Alirudia hiyo kitu mpaka nikamwambia tulale. Ni ile hali ya kubadilika ndio inaleta umeme, sasa hiyo hatasahau, na hakuna mtu alimwambia, alijionea mwenyewe.

Vidio za walimu wetu wa Kenya ziko nyingi pia na faida yake ni kwamba wanajua KCSE inauliza nini na alama zinatoka wapi. Zingine ni za maana kweli. Zingine mwalimu anasoma tu noti, sauti inapotelea kwa upepo wa feni, mwandiko hausomeki, hizo ruka. Kuna huduma moja ya kulipia pia tulijaribu, ilikuwa inakata pesa kwa simu kila wiki hata kama hatujafungua, vidio zinakwama katikati, na mbaya zaidi rezista ya ohm 6 na ya ohm 3 zikiwa sambamba walijumlisha wakapata 9, wakati jibu ni 2. Mtoto asiye na mtu wa kumwangalilia ataingia na hiyo 9 kwa mtihani. Nilijitoa.

Pahali vidio zote zinakuacha ni pepa ya tatu. Ile praktiko ni alama 40 kati ya 200 za pepa zote tatu, si kidogo. Vidio nyingi zitakwambia maji yanachemka nyuzi 100, na ni kweli ukiwa Mombasa. Nakuru tuko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa iko chini, maji yanachemka kama nyuzi 94 hivi, ndio maana maharagwe huku yanachukua muda na watu wanapenda presha kuka. Hata Kisumu ni kama 96. Sasa mtoto yuko maabara, themomita imesimama 94 na maji yanatokota, anafikiri imeharibika, anaandika 100 juu vidio ilisema 100. Msahihishaji anataka kile umeona wewe.

Na kuna vitu vya mikono tu. Kuhesabu pendulamu ikienda na kurudi mara 20 bila kupoteza hesabu, kusogeza mshumaa mbele ya lenzi mpaka picha yake itulie kwa skrini, kuweka rula ya mita juu ya kisu isianguke, kuchagua skeli ya grafu ijaze karatasi. Unaweza kuangalia mtu akifanya hivyo mwaka mzima na siku ya mtihani vidole vikutetemeke.

Kwa hivyo ile pesa ya huduma ya wiki sasa ni nauli ya Jumamosi. Fundi wa maabara shuleni kwao anawafungulia asubuhi, wanashiriki stopwochi mbili kundi zima, na vidio zimebaki za jioni, tunazipakua kwa waifai ya kazini kwangu kwa ubora wa 360 ili bando isiishe. Kama shule ya mtoto wako inaweza kufungua maabara hata saa mbili tu, uliza mapema, muhula wa pili, juu muhula wa tatu kila mtu anang'ang'ania hiyo meza.